Mama Yake Huyu

Mama alipoambiwa hospitali kwamba sikio la kushoto limekwisha na la kulia liko njiani, hakulia. Tukiwa bado kwenye benchi la nje aliniuliza jambo moja tu: "Sasa sauti ya mama nitaisikia lini?"

Bibi alifariki mama akiwa bado binti mdogo. Picha yake hakuna, hata ile ya kitambulisho. Kilichobaki ni kanda. Alipokuwa hai alikuja mtafiti mmoja na redio ya kunasa sauti, akipita nyumba kwa nyumba kutafuta nyimbo ambazo wanawake huimba wakitwanga mahindi. Akamuuliza Bibi jina lake. Enzi hizo mwanamke anayejiheshimu hakujitaja jina mbele ya mwanamume mgeni, basi Bibi akamshika mama kichwani na kusema, "Mimi mama yake huyu." Bwana yule akaandika alivyosikia, akarekodi, akaenda zake, na hakuonekana tena. Kwetu kisa hicho kilikuwa utani. Mama akichelewesha chakula tulimwita Huyu.

Mimi nafundisha shule ya msingi Mjimwema. Mwaka jana chuo kimoja hapa mjini kilifungua chumba cha vitabu na nyaraka za zamani, kikaalika walimu tukatazame. Mlangoni wameandika Makusanyo Adimu. Nilizunguka nikitazama vitabu vyenye kutu kwenye pini, hati za Kiarabu, ramani zilizokunjika, mpaka nikafika kwenye kabati la kioo lenye kanda moja na kadi pembeni yake. Kadi imechapwa vizuri, herufi kubwa: HUYU, Mama. Nyimbo za kutwanga. Songea.

Yesu na Maria! Mtu mwenye shahada zake alikaa kwenye kiti, akaona "Mama yake huyu", akadhani Huyu ni jina la ukoo. Akaligeuza, akaweka na koma, akampanga Bibi yangu kwenye herufi H. Nilicheka mpaka mwalimu mwenzangu akanishika mkono. Halafu kicheko kikakatika chenyewe, nikabaki nimesimama pale na hasira mpaka kwenye meno. Miaka yote hiyo mama anaishi Mshangano, bajaji moja tu kutoka hapo, na hakuna aliyejisumbua kuuliza huyu ni nani.

Nikaenda kaunta. Binti wa pale alikuwa na adabu, sitamsingizia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ile kanda ya pale ni ya bibi yangu. Nataka nimlete mama aisikilize."

"Hongera sana mwalimu. Una barua ya utambulisho?"

"Ya nini?"

"Ya utafiti. Chumba hiki ni cha watafiti. Unatafiti nini?"

"Namtafiti mama yangu mzazi," nikamwambia. Hakucheka. Akanieleza kwamba hata nikileta barua, lazima mwenye kanda atoe idhini, na mwenye kanda yuko ng'ambo, ni mzee, barua pepe hajibu haraka.

Mwenye kanda! Hebu nisaidieni jamani. Mwenye kanda ni nani, aliyeimba au aliyebonyeza kitufe? Bibi alitoa pumzi yake, akatoa na maji ya kunywa, mgeni akaondoka na vyote, na leo wajukuu tunaambiwa tuombe idhini. Nilimwambia yule binti hivyo hivyo, kwa sauti. Akaniambia anaelewa uchungu wangu, ila utaratibu ni utaratibu. Pembeni yake kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Kiyoyozi, Songea, mwezi wa saba, wakati sisi sote tumevaa masweta! Kanda isipate joto. Mama yangu je?

Nikaandika. Nikaandika kwa mkuu wa maktaba, nikaandika kwa ng'ambo, nikaenda kwa padri anipigie mhuri, nikaenda kwa mtendaji naye apige wake. Kila nikirudi kaunta, jibu ni lile lile: bado linafanyiwa kazi. Mara mkuu yuko semina. Mara kompyuta imegoma. Mimi nimefundisha watoto wakaidi miaka mingi, lakini ukaidi wa mtu anayekutabasamia sijui dawa yake.

Nyumbani mama alikuwa anapotewa na sikio. Wakati wa baridi nilikuwa nikimwinamia upande wa kulia, nikiongea polepole, ananipata. Baadaye ikabidi nipaze sauti mpaka majirani wakadhani tunagombana. Mahindi mapya yalipochipua nilikuwa namwonyesha maneno kwa midomo na vidole. Aliacha kuuliza habari ya kanda. Hilo ndilo liliniumiza kuliko barua zote, kwamba aliona aibu kunisumbua.

Ndipo idhini ikaja. Wakaniandikia kwamba wana furaha kubwa kunikaribisha. Furaha kubwa! Nilitamani kuirarua simu.

Nilimvalisha mama gauni lake la kanisani, nikampeleka. Wakatukalisha mezani, wakaleta mashine, wakamvalisha hedifoni upande ule wenye afadhali. Yule binti akabonyeza. Mama akafumba macho. Nikamtazama. Alingoja, akaisukuma ile hedifoni kwa kidole, akangoja tena. Halafu akafumbua macho akaniambia, "Hakuna mtu."

"Waongeze sauti," nikasema. Wakaongeza mpaka mimi niliyekaa pembeni nikawa nasikia mchi unavyogonga. Mama akatikisa kichwa. Akaanza kuvua hedifoni taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Nikamnyang'anya. Nikavuta kiti mbele yake, tukatazamana, nikavaa mwenyewe. Mchi, twi, twi, na sauti nyembamba juu yake. Wimbo wenyewe ulinipita, maana Kingoni changu mimi ni cha kutumwa tu: njoo, kaa, funga mlango. Mara wimbo ukakatika katikati. Bibi, bila kujali kwamba anarekodiwa, alikuwa anamgombeza mtu. Wewe, unaduwaa nini hapo, mletee mgeni maji! Hilo nililipata lote. Mama amenigombeza kwa maneno hayo hayo maisha yangu yote.

"Rudisha nyuma," nikamwambia binti. Akarudisha. Safari hii nilimkazia mama macho, nikafungua mdomo pamoja na Bibi, nikayatamka yale maneno ya Kingoni moja baada ya jingine, kadiri yalivyokuja.

Mama alikuwa anatazama midomo yangu. Akashtuka. Akanyooka kwenye kiti, mikono magotini.

"Abee, mama!" akaitika, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

Watafiti wakainua vichwa. Yule binti akaweka kidole mdomoni. Nikamwambia anyamaze yeye, mtu anaitwa na mama yake.