Mke mwenza wa magurudumu sita

Jumamosi saa tano asubuhi, katika gereji moja ya mtaa wa Buyenzi nilikopeleka gari langu, kamiyo kuukuu, lori la magurudumu sita, ilimwagiwa maji. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuikwangua kutu, kuipaka rangi na kuziba kingo za vioo kwa mastiki. Sasa fundi alitaka mtu akae ndani, aseme maji yanapenya wapi. Mke wa mwenye kamiyo alikuwa ameleta chakula. Mume akamfungulia mlango.

"Mama watoto, ingia. Ukiona tone, sema."

Ndoo tatu zikamwagwa. Mume alikuwa akiupapasa mlango kwa kiganja, polepole.

"Inavuja?"

"Apana." Mke aliutazama ule mkono. "Mi ulinigusa hivyo lini, Baba watoto?"

Mafundi wakacheka. Mmoja akasema, "Mama, huyu ni muke mwenzako. Zoea tu."

"Muke mwenzangu nyumba yake haivuje. Mi nalala na sufuria juu ya kitanda." Akapandisha kioo, akabakiza upenyo. "Dini inasema wake wagawiwe sawa. Basi leo ni zamu yangu huku."

Akafunga mlango kwa ndani.

Mimi ni hakimu; nimesikiliza kesi nyingi za wake wenza mahakamani. Sikumbuki mlalamikaji aliyenukuu sheria vizuri hivyo.

Saa saba mvua ilianza. Mume aliomba mastiki iliyobaki, akapanda pikipiki ya taksi-moto kwenda nyumbani kuziba paa. Nilipoondoka, mke alikuwa bado ndani ya kamiyo, anakula kile chakula.