Sindano za Asubuhi

Jirani yangu fundi cherehani anapofuka, na daktari keshamwambia hakuna dawa. Kila asubuhi, mwanga ukiwa bado mzuri, hutia uzi sindano kumi na kuzichomeka kifuani mwa gauni lake, akiba ya mchana. Kila sindano ikikubali, humwambia Mungu, "Wewe unanitosha."

Mimi na mdomo wangu nikamtania, "Shoga, unamwambia Mungu au sindano?" Akacheka.

Jana nilimkuta mlangoni kwake amefumba macho, anajizoeza giza, uzi mkononi, vidole vikipapasa sindano. Kifuani zilikuwa mbili tu. "Unanitosha," akasema, akakosa tundu. "Unanitosha, Baba. Ila usisogee hata kidogo, naogopa."

Nilikuwa nimekuja na utani mpya. Nikarudi nao nyumbani.