Aliyewachagulia Watoto wa Gihundwe Vitabu

Kwetu Gihundwe, upande wa Rwanda wa mpaka na Congo, mtoto aliyetaka kitabu ilibidi ahojiwe kwanza. Maman Védastine aliketi nyuma ya meza yake, miwani ikiwa imeteremka puani, akakutazama kuanzia magotini hadi usoni, kisha akaanza:

"Nani alikuchekesha jana? Unaogopa nini zaidi, mbwa ao maji? Ukibaki peke yako ku nyumba, unafanya nini?"

Hakuuliza uko darasa la ngapi. Ukimjibu, alinyanyuka bila haraka, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akarudi na kitabu kimoja tu. Alikuwekea mikononi kama anayekukabidhi mtoto mchanga. "Hiki ni chako," alisema. Na mara nyingi kilikuwa chako kweli. Mimi mwenyewe, niliyemwambia kwamba naogopa maji, nilipewa hadithi ya msichana anayejifunza kuogelea kwa siri, na sikulala hadi nilipojua kama alivuka.

Alizaliwa Bukavu, ng'ambo huko Congo, mtaa wa Kadutu. Wazazi wake walikuwa wamekimbia Rwanda kabla yeye hajazaliwa. Alifundisha shule ya msingi huko miaka mingi, na mchana alisaidia katika duka la vitabu la masista, ambako alijifunza kumsoma mtoto kabla ya kumsomea. Mwaka 1995, tayari mjane na mtu mzima, alivuka daraja la Ruzizi na "kurudi" katika nchi ambamo hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Alikuja na godoro, sufuria na makartoni ya vitabu. Jirani mmoja alimwambia kwamba watu wenye akili walikuja na mabati.

"Mabati nitayapata hapa," Védastine alimjibu. "Bitabu nitabipata wapi?"

Alisema kweli. Wakati ule shule zetu hazikuwa na madawati, sembuse hadithi. Darasani tulikaa kwa mafungu mawili. Tuliotoka Congo tulisema Kiswahili na Kifaransa kidogo. Waliokuwa hapa wakati wote walisema Kinyarwanda, na walikuwa wameona mambo ambayo hakuna aliyethubutu kuwauliza. Tulitazamana kama wageni waliofika nyumba moja bila kualikwa.

Parokia ilimpa Védastine chumba kilichokuwa ghala la sementi. Alikifagia, akapanga mbao juu ya matofali, akafungua mlango. Tulipaita "kwa bitabu." Mkusanyiko wake uliongezeka kwa msaada wa rafiki yake wa tangu Kadutu, mfanyabiashara aliyeitwa Joséphine, ambaye alivuka mpaka siku za soko na vitenge na sambaza, wale dagaa wetu wa Kivu. Kila alipopata kitabu cha watoto huko Bukavu alikifunga katika kitenge na kukiweka chini ya kapu. Ndiyo maana vitabu vyetu vingi vilinuka samaki, na hatukujali.

Kujiamini kwa Védastine kuliwaudhi baadhi ya wazazi. Ladislas, aliyeongoza kamati ya wazazi, alifika siku moja na kitabu mkononi. Alikuwa baba yake Hirwa, mwenzetu wa darasa la nne.

"Maman Védastine, hii kitabu ulimupatia mutoto wangu, mu page ya kwanza muntu anakufa!"

"Ndiyo, Papa Hirwa. Na mu page ya mwisho?"

"Sikufika."

"Mutoto alifika. Umuulize."

Ladislas alisimama pale akikipekua kitabu, hasira ikimpungua kwa kukosa pa kukaa. Alisema watoto hawa wameona vifo vya kutosha. Wapewe mambo ya furaha tu. Védastine alimkaribisha kwenye kiti. "Papa Hirwa, mimi sipatii batoto bote kitabu kimoja. Kila muntu na yake. Miaka yote sijakosea."

Alikuwa akijisifu, lakini si sana. Alikosea mara moja, na mara hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Mwaka 1996 alianza kuja msichana aliyeitwa Uwineza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mrefu, mkimya, amevaa sweta ya kijani hata jua likiwaka. Wazazi wake na ndugu zake waliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, naye akachukuliwa na shangazi yake Emerance, aliyeishi chini kidogo ya hospitali, ambako alijifunza Kiswahili. Védastine alimuuliza maswali yake ya kawaida. Nani alikuchekesha jana? Uwineza alitazama dirishani. Hata kwa swali la mwisho alikuwa bado anatazama huko.

Basi Védastine akachagua kwa kubahatisha, jambo ambalo hakulizoea. Alimpa kitabu cha familia iendayo kumtembelea bibi. Kesho yake kilirudishwa. Akampa cha wanyama. Kikarudishwa. Védastine alifikiri wiki nzima, akaagiza Bukavu kwa Joséphine kitabu alichokikumbuka tangu enzi za duka, cha msichana aliyefiwa na wazazi na akakua akawa daktari. Kilipofika alikifuta, akakifunika karatasi, akamwita Uwineza kwa furaha ya mtu aliyepata ufunguo.

Uwineza alikirudisha akiwa amesoma chote. Alikiweka mezani polepole.

"Maman, mutoto wa hii kitabu iko yatima. Njo maana ulinichagulia?"

"Ndiyo, mwanangu. Nilifikiri itakusaidia."

"Yatima iko kwetu nyumbani," Uwineza alisema. "Hapa nilikuya ju ya kitu ingine."

Chumbani tulikuwamo kadhaa, na hakuna aliyegeuza ukurasa. Alivua miwani, akaishika.

"Unataka nini, basi?"

"Sijui. Uniache niangalie."

Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kugusa rafu zile. Védastine alivuta kiti chake pembeni, akampisha. Uwineza alichuchumaa kwenye ubao wa chini kabisa, akavuta vitabu kimoja kimoja, akasoma mistari michache ya kila kimoja. Mwisho aliibuka na kijitabu cha Kiswahili kisicho na jalada, kilichokuwa kinangoja kutupwa. Kilikuwa cha mpishi wa chifu asiyejua kupika, ambaye kila chakula kikiungua hulilaumu jungu.

"Ile ni ya batoto badogo," Védastine alisema. "Tena ni upuuzi mutupu."

"Ni upuuzi kweli?"

"Kweli."

"Basi naibeba."

Siku chache baadaye shangazi Emerance alifika akiwa bado na vazi la kazi la hospitali, alikokuwa akifua mashuka. Védastine alimwona mlangoni akajikaza, kwani alijua wazazi wakija hivyo huja kulalamika.

"Ulimupatia mutoto nini?" Emerance aliuliza.

"Alijichagulia mwenyewe, Maman Emerance. Kama ni mbaya, unisamehe."

"Hapana, unisikilize. Nilikuwa ku jikoni, nikasikia muntu anacheka mu chumba. Nikafikiri tuko na mugeni. Naenda, nakuta ni yeye." Emerance alijifuta uso kwa kiganja. "Tangu afike kwangu, sikuwa najua kicheko chake kinalia namna gani."

Védastine alimkumbatia. Kisha, alipobaki nasi, alitangaza kwa sauti ileile ya kawaida, kana kwamba ni jambo alilolijua siku zote, kwamba kuanzia sasa rafu ziko wazi. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alikuwa amewatazama watoto kama wagonjwa na vitabu kama dawa, na msichana mmoja alimkatalia sindano. Basi, aliyekataliwa akajifunza kazi yake upya.

Jumamosi, siku zetu za kukutana kwa bitabu, zikabadilika. Aliyemaliza kitabu alisimama akakitembeza kwa wenzake kama mama wa sokoni anavyotembeza nyanya. Védastine aliweka sharti moja: ni marufuku kusema "ni kizuri." Sema ni cha nani. Hirwa alisimama na kile kitabu cha kifo ukurasa wa kwanza akasema, "Hii ni ya muntu anagombana na kaka yake na hataki kuomba msamaha." Mikono mingi ilinyanyuliwa. Wale wa Kinyarwanda waliwaeleza wa Kiswahili, wa Kiswahili wakawatafsiria wao vitabu vya Kifaransa, na katika kugombania nani aanze na kipi, tuliyasahau yale mafungu mawili. Hata kwenye masomo tulianza kukaa tukichanganyika, kwa sababu mtu hawezi kumngojea kitabu mtu asiyesema naye.

Hodari kuliko wote alikuwa Uwineza. Hakuuliza maswali mengi. Alimwacha mdogo azunguke, akaangalia mkono wake umesita wapi, kisha akasema neno moja tu: "Hicho." Vita vilikuja na kuondoka ng'ambo, mpaka ukafungwa ukafunguliwa, milio ya bunduki ikasikika ziwani, lakini chumba cha sementi hakikufungwa. Védastine alisema mtoto anayesubiri sura ya tatu hawezi kuambiwa angoje amani.

Mwezi wa sita mwaka 2004 mapigano yalirudi Bukavu mjini. Familia nyingi zilivuka daraja kwa miguu na mizigo kichwani, na baadhi zililazwa katika darasa tupu huko Kamembe, karibu na kwetu. Uwineza alikuwa sasa msichana wa miaka ishirini, amemaliza shule, anasaidia kwa bitabu kila siku. Yeye na Védastine walijaza kapu wakaenda. Njiani walibishana. Védastine alikuwa amechukua hadithi za ujasiri na safari. Uwineza alizitoa nusu akaweka za kuchekesha.

Darasani walimkuta Joséphine.

Alikuwa ameketi sakafuni, amegeukia ukuta, kitenge kimemfunika kichwa. Binti yake Jolie, wa miaka kumi, ndiye aliyewaambia: baba yake, Muderhwa, alipigwa risasi walipokuwa wakitoka nyumbani. Védastine alipiga magoti kando ya rafiki yake, akamshika bega. Joséphine hakugeuka.

Watoto walikuwa wengi, wamechoka na wana njaa, na wakubwa hawakuwa na nguvu ya kuwatazama. Uwineza aliwakusanya kwenye kona ya mbali, akaanza kusoma moja ya zile za kuchekesha kwa sauti ya chini. Kwanza walisikiliza tu. Kisha mmoja akacheka, wa pili akafuata, na punde kona nzima ilikuwa inacheka, Jolie miongoni mwao.

Joséphine aligeuka.

"Védastine! Leo munacheka? Bwana yangu hajazikwa, na munanichekea?"

Kicheko kilikatika. Sisi tuliomjua Védastine tungeapa kwamba angejibu. Alikuwa na majibu kwa kamati, kwa padri, kwa askari wa mpaka. Safari hii alimwashiria Uwineza afunge kitabu, akarudi kuketi sakafuni.

"Uko na haki, dada yangu," alisema. "Tunaacha."

Walikaa hivyo mpaka jioni, mabega yamegusana. Joséphine alilia kwa mara ya kwanza tangu avuke daraja. Uwineza hakuondoka, alichota maji, akawaosha watoto nyuso.

Siku ya pili Védastine alirudi na uji, bila kapu. Joséphine alipokea kikombe, akanywa kidogo.

"Jolie alinisimulia ile hadithi yote," alisema. "Mutoto alikuwa haongei toka tulivuka. Aliongea mpaka usingizi ukamubeba." Alipiga funda jingine. "Muendelee kusoma, Védastine. Lakini mbali na mimi kidogo. Mimi bado."

"Tutaenda ku nje, nyuma ya nyumba."

"Njo vile. Nje."

Basi walisoma nje, nyuma ya darasa, kwenye nyasi, kila siku hadi familia zile zilipoanza kurudi makwao. Joséphine alirudi Bukavu mwezi uliofuata, akazika alichoweza kuzika, na kabla mwaka haujaisha alianza tena kuvuka na biashara yake. Jolie aliachwa kwa Védastine ili asome hapa. Alikuwa mgomvi, mwenye kuchagua sana, na Védastine alimpenda kupita kiasi.

Mwaka ule ule Uwineza alipata kazi ya kufundisha Gitambi, vijijini, ambako shule haikuwa na kitabu hata kimoja kisicho cha masomo. Aliomba achukue nusu ya maktaba. Védastine alikubali papo hapo, kisha wakaingia chumbani kugawana, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

"Hii hapana. Hii ni ya batoto ba huku."

"Maman, batoto ba kule bako na masikio na macho kama ba huku."

"Hawajui ziwa!"

"Njo maana waisome."

Walibishana juu ya kila kimoja, sauti zao zikisikika hadi barabara ya hospitali, Jolie akiwa amekaa juu ya kartoni kama hakimu. Védastine alishindwa karibu mara zote. Asubuhi Uwineza aliondoka na moto mbili, pikipiki za kukodi, zilizofungwa makartoni kwa kamba, naye Védastine alisimama barabarani akiwafokea madereva wapunguze mwendo kwenye kona, kwa sababu wamebeba vitu vya watu.