Siku Cucu Alipokataa Kumfunga Mama

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba tumbo la mwanamke aliyejifungua lina miguu. Aliyenifundisha hivyo ni Cucu, mama wa baba yangu, ambaye nilipewa jina lake, Wawira. Alisema tumbo hukizoea kile linachokibeba, na mtoto akishatoka halijui ameenda wapi, basi huanza kuzunguka likimtafuta. Huenda mgongoni, hushuka kwenye nyonga, hupanda hadi chini ya moyo. Ndiyo maana ngozi hulegea, na ndiyo maana mama hatulii. Dawa ni kumkanda kwa mafuta ya mbarika na kumfunga leso kiunoni, ili tumbo lijue safari imekwisha.

Sharti lilikuwa moja tu. Mtu mwenye kinyongo nawe asikufunge. Akikufunga, alisema Cucu, anakifungia kinyongo chake humo ndani, na hakuna atakayekitoa.

Tuliishi upande wa Ishiara, kwenye joto, na nyumba ya Cucu ilikuwa ng'ambo ya korongo. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya ndizi ya Mitunguu na alikuja mara moja moja. Mama aliposhikwa na uchungu wa ndugu yangu, hakunituma kwa Cucu, ingawa Cucu ndiye aliyewazalisha wanawake wengi wa pale kwetu. Alimwita jirani yetu, Mama Njoki. Huyo akafunga punda kwenye mkokoteni, akatandika gunia na blanketi, akampeleka mama hadi kituo cha afya cha sokoni. Nilibaki na binti zake nikilia, wakinipa mbaazi za kuchemsha ninyamaze.

Mama alirudi na mtoto wa kiume na tumbo nisilolijua. Lilikuwa limelegea kama unga uliotiwa maji mengi, likitikisika kila alipopiga hatua.

"Mama Wawira, umemwacha mwenzake humo ndani?" Mama Njoki alimtania huku akimpa kibuyu cha uji wa mwele. "Sema mapema, punda bado hajafunguliwa."

Mama alicheka, kisha akalishika tumbo kwa mikono miwili, maana kucheka kulimuuma.

Siku zilizofuata hakutulia. Alikaa, akainuka. Alilala, akaamka akazunguka nyumba kama aliyepoteza kitu na amesahau ni kitu gani. Mtoto alinyonya kidogo akaachia, akalia, maana hata maziwa, nadhani, huhitaji mtu aliyetulia. "Nasikia ndani kumebaki wazi," alimwambia Mama Njoki. "Kama nyumba iliyohamwa."

"Ningekufunga mimi, dada, lakini sijui," Mama Njoki alijibu. "Nilimfunga ndugu yangu mwaka ule, nusura nimkatize pumzi. Anayejua ni yule wa ng'ambo."

Moshi wa jiko la yule wa ng'ambo tuliuona kila asubuhi. Yeye mwenyewe hakuja. Mama Njoki ndiye aliyechota maji yetu kabla ya yake, na sikuwahi kumsikia akiutaja wema huo. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni. Niliogopa kwamba tumbo la mama lingeondoka kweli, lishike barabara ya sokoni kumtafuta mtoto pale alipozaliwa, kumbe mtoto yuko hapa nyumbani. Niliazimia kuliita likipita.

Asubuhi moja mama akaniambia, "Nenda umwambie Cucu nimeomba aje anifunge."

Nilimkuta akipepeta mwele uani. Nikamwambia. Ungo ukasimama.

"Wajina," akaniita, kama alivyoniita siku zote, "mwambie mama yako siwezi. Mikono yangu ina kinyongo naye."

Nililibeba neno hilo kupita korongo lote nikilirudia mdomoni lisipotee, nikamfikishia mama kama lilivyo. Nilitarajia alie. Badala yake alimfunga mtoto mgongoni, akachukua leso yake moja kutoka kambani.

"Mama, utaanguka," nilisema.

"Nishike mkono, basi."

Tuliteremka korongoni polepole, tukipumzika kila penye kivuli. Mkono mmoja ulinishika mimi, mwingine ulishika tumbo. Ningekuwa mkubwa ningemrudisha. Leo najua jinsi mwili ulivyo siku zile, jinsi hata kukohoa ni kazi.

Cucu alipotuona aliinuka haraka, akaleta kigoda, akamsaidia mama kukaa. Akamwekea maji. Hilo nililiona, kwamba hata akiwa na hasira alileta kigoda kwanza. Kisha akasimama mbali.

"Sema, maitu," mama alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwetu. "Nimekuja nisikie."

"Niseme nini? Mtoto mwenye jina la mume wangu amezaliwa, na mimi nimeambiwa kisimani, mbele ya watu. Mwanamke ananipongeza, nami namuuliza, kwa lipi?" Sauti yake ilipanda. "Nilikukosea nini hata unipitie kama nyumba isiyo na mtu?"

Mtoto alilia mgongoni, mama akamtikisa taratibu.

"Yule aliyetangulia," alisema mwishowe.

Nilijua habari zake kidogo tu. Kati yangu na huyu kulikuwa na mwingine, aliyezaliwa mikononi mwa Cucu na hakulia. Kwetu hakutajwa.

"Hukukosea," mama alisema. "Najua hukukosea. Lakini kila nilipofikiria mikono yako, nilimwona. Niliogopa. Nikashindwa kukwambia, nikapanda mkokoteni."

Kuku walikuwa wakila mwele kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza. Cucu aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hata mimi humwona," alisema.

Basi wakalia, mmoja kwenye kigoda na mwingine amesimama, nami nikawafukuza kuku kwa kuwa sikujua jambo lingine la kufanya.

Baadaye Cucu alipiga funda la maji, akamnyunyizia mama kifuani kwa mdomo kama wafanyavyo wazee wetu wakibariki. Akampa kibuyu, na mama naye akamnyunyizia. Ndipo akaosha mikono, akapasha mafuta ya mbarika moto, akamlaza mama kitandani kwake. Alikanda kutoka pembeni kuja katikati, taratibu, kama anayemwita mtoto mwoga. Akamfunga leso kuanzia chini kwenye nyonga kwenda juu, mimi nikishika ncha moja.

"Vuta pumzi. Inaingia?"

"Inaingia."

"Basi. Leso ni ya kukushikilia, si ya kukunyonga."

Mama alilala pale pale, mchana kweupe, usingizi wenye mkoromo. Cucu alimchukua mtoto, akamkunjua nguo, akamkagua vidole.

"Mume wangu," alimwambia, maana mwenye jina la mumewe kwake ni mumewe, "umerudi kwa mkokoteni wa punda bila hata kunitumia mtu nikupikie? Tabia yako ni ile ile." Na mtoto, nakumbuka, alipiga chafya.

Leo naishi Majimbo, Embu mjini, na mtoto wangu wa pili ameanza kutambaa. Tumbo langu limelegea kama la mama siku ile. Kwenye simu wananionyesha mikanda na mafuta ya kupaka, na wanawake ambao hawana hata mkunjo. Nilinunua mkanda mmoja. Unanisaidia mgongo, lakini ngozi haijali. Nesi wa kliniki, mama mpole, alinigusa tumbo akaniambia nifanye mazoezi ya pumzi na nitembee, nisijibane, kwamba nyama za tumbo hukaza kwa muda mrefu na ngozi huenda isirudi yote. Namwamini. Hata la mama halikurudi lilivyokuwa. Alifungwa leso ile hadi mtoto alipoanza kucheka, na mpaka leo akiinama kupalilia utaliona likining'inia. Kilichorudi ni usingizi wake.

Kwa hiyo sijui niseme Cucu alikuwa sahihi au la kuhusu tumbo. Kwa miaka mingi nilidhani alikataa kwa ukali wa mama mkwe, na nilimchukia kidogo kwa kumvusha mama korongo akiwa vile. Sasa nafikiri tofauti. Angeweza kuja siku ya kwanza, afunge leso akiwa amenuna moyoni, ashukuriwe, arudi kwake. Hakuna jicho ambalo lingeyaona yaliyokuwa mikononi mwake. Ni yeye mwenyewe aliyeyasema, kwa sababu alimwogopea mama.

Tangu nijifungue wamekuja wengi kunisaidia, na wengi ni wema kweli. Wananifulia, wananibebea mtoto, wananiambia nimependeza. Nawashukuru. Lakini nikijipangusa tumbo hili nikiwa peke yangu, huwa najiuliza ni nani kati yao angenipenda kiasi cha kunikatalia kwanza, na kuniambia sababu.