Hitima ya Baba Katika Mji wa Xi'an

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi ugenini, mwanangu, na wala haikuwa hapa Landani. Ilikuwa Xi'an, kule China, mji ambao wenyewe huutamka Shian, huko huko unakokwenda kusoma mwezi ujao. Jana ulipokuja kwangu mimi bibi yako, hapa mtaani Hayes, kuniaga, ulinijibu kwa Kiingereza chako kama kawaida, kwamba mwaka mmoja si kitu, utajifungia na vitabu vyako, utamaliza, utarudi. Mimi nilikumiminia chai tu. Leo nakujibu kwa sauti hii ninayokurekodia kwenye simu. Najua utaisikilizia ndani ya treni, Idrisa, lakini isikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa na umri kama wako nilipopelekwa kule kusomea ufamasia, na mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu. Mji ule ulikuwa makao ya wafalme tangu zama za kale sana. Zamani uliitwa Chang'an, yaani amani ya kudumu. Umezungukwa na ukuta wa matofali, mpana kiasi kwamba mikokoteni inaweza kupishana juu yake, na katikati una mnara wa kengele ulioezekwa vigae vya kijani. Nje ya mji ndiko wakulima waliokuwa wakichimba kisima walikoibua jeshi la udongo la mfalme wa kale, maelfu ya askari, kila mmoja na sura yake. Misafara ya ngamia ilitoka hapo na hariri kwenda magharibi, ikarudi na zabibu, na makomamanga, na watu. Wengine kati ya watu hao hawakurudi tena kwao.

Yote hayo mimi niliyaona kupitia dirisha la basi. Nilitoka bwenini kwenda darasani, nikatoka darasani kwenda bwenini. Mwalimu wetu wa lugha, Mwalimu Ma, alikuwa mama mpole, Mwislamu wa mji ule ule, na kila mara alinialika kwao. Nami kila mara nilijitetea kwa masomo. Niliuona mji ule kama kituo cha basi: unasimama, basi likija unapanda, unaondoka.

Majira ya baridi yalipokolea ikaja telegramu kutoka Tanga. Baba yangu amefariki, na ameshazikwa. Kurudi hakukuwezekana. Nilijifungia chumbani, nikalala kifudifudi, sikula wala sikwenda darasani. Kesho yake alasiri nikasikia hodi. Alikuwa Mwalimu Ma, na pamoja naye mama yake mzazi, kikongwe mwenye ushungi mweupe, aliyekuja kwenye theluji ile kwa mkongojo. Watu wote walimwita Nainai, ndiyo bibi kwa lugha yao.

Kwa Kichina changu cha kuungaunga niliwaomba waniache. Nikawaambia mimi ni mgeni hapa, sina mtu. Nilidhani atanipa pole, lakini kikongwe yule aliketi kitandani pangu, akasema, "Umekuwa nasi tangu majani yaanze kupukutika, na bado unajiita mgeni? Mgeni ni wa siku chache. Baada ya hapo ama ni mtu wa nyumbani, ama ni mtu mwenye kiburi."

Nilishtuka. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikujua kwamba na kule jembe lipo.

Kisha sauti yake ikalainika. Akaniuliza, "Baba yako aliitwa nani?"

Nikamwambia aliitwa Omari. Akajitegemeza kwenye mkongojo wake, akainuka. "Vaa koti," akasema. "Omari ana haki yake kwetu."

Walinipitisha vichochoroni nyuma ya mnara wa ngoma, jirani wa ule wa kengele, kwenye mtaa wa Waislamu, penye moshi wa mkaa na harufu ya nyama ya kondoo. Tulipita msikitini kwao. Haukuwa na mnara kama tuliouzoea, mwanangu. Una paa zilizopinda juu pembeni kama za kasri, na ua baada ya ua, wenye miti mikongwe. Lakini ukutani palichongwa Kiarabu. Nilisimama nikaisoma bismillahi ile herufi kwa herufi, na hapo ndipo machozi yalipopata njia.

Nyumbani kwa Nainai wanawake wa mtaani walikuwa wameshakusanyika. Nilitaka kukaa kwenye kiti kama mfiwa, ila Nainai alinitia mkononi donge la unga, akaniambia nikande. Mikate ya kukaanga ndiyo wanayoipika kukumbuka maiti wao: maandazi matupu, ila hayana iliki. Mafuta yalipochemka, harufu ikawa ile ile ya jikoni kwa mama. Nikakanda huku nalia, na huku nalia nikaanza kuwasimulia, jinsi baba alivyokuwa akimenya chungwa bila kulikata ganda, halafu akatuvisha ganda lile mkononi kama bangili. Kichina changu kilipokwama, Mwalimu Ma alinitafutia neno. Wanawake wakacheka, kisha wakajifuta macho. Kilio cha wengi ni harusi, walisema wahenga.

Baada ya magharibi wanaume wakaja na imamu wao, wakasoma Yasini. Matamshi yao yalikuwa mageni masikioni mwangu, lakini kila aya niliijua walipofika. Imamu alipomwombea Omari wa Tanga, wazee wakatazamana, wakatabasamu kidogo, kwa kuwa Tang ni jina la ukoo wa wafalme waliotawala mji ule enzi za fahari yake. Basi baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Ngamiani, akaombewa kama mtu wa ukoo mkubwa.

Watu walipoondoka, Nainai aliniweka kando yake. Akaniambia, "Jamaa wa mbali hamshindi jirani wa karibu. Wazee wetu waliokuja na ngamia nao walifiwa wakiwa hapa. Wenyeji wakawapikia. Hao waliowapikia ndio bibi zetu."

Tangu siku ile nilikuwa mtu wa mji. Masika nilipanda naye juu ya ukuta, taratibu, ngazi kwa ngazi. Nilijifunza kununua persimoni, matunda ya kule yanayofanana na nyanya, sokoni na kubishana bei kama mzaliwa. Na alipofariki, mwaka wangu wa mwisho, nilikaa jikoni na binti zake nikakaanga, na hapana aliyeuliza mimi ni nani. Nilipokuja Landani na marehemu babu yako, tukapanga chumba mtaa wa Queensbury, sikungoja kualikwa. Nilibisha hodi kwa jirani na sahani mkononi. Akafungua mama wa Kihindi aliyezaliwa Moshi, akaniambia karibu, dada. Hao wanawe unawaita mjomba mpaka leo.

Basi sikia nasaha yangu, mwanangu. Soma, ndiyo, lakini usikae katika mji wa watu kama abiria. Ukialikwa, nenda. Ukipewa kazi jikoni, shukuru, maana hapo umeheshimiwa kuliko aliyepewa kiti. Jifunze majina ya watu na ya wazazi wao. Huzuni ikikufika ugenini, nayo haikosi kufika, itoe nje waione. Huzuni iliyofichwa haina wa kuibeba. Na ukimkuta mwingine analia peke yake, usisubiri akujue kwanza.

Mungu akutangulie, Idrisa wangu. Akupe afya na wepesi wa ulimi, akukutanishe na watu wema, nawe akufanye mwema kwao. Na siku ya kurudi kwetu akurudishe salama, ukiwa umeacha kule watu wanaokulilia. Amina.