Pascaline Alivyovalisha Laptop Yake

Mwaka 2013, wiki mbili mbele Pasaka ifike, chorale nzima ya waimbaji wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, ilikuwa inakula mandasi yenye kufungwa ndani ya viuno vyao wenyewe. Kweli kabisa! Pascaline, mushonaji wa kutoka Bukavu, alikuwa amepima bantu makumi tatu na moja kwa ajili ya iniforme ya sikukuu. Aliandika vipimo vyote kwa kaye, daftari yake, kisha akaviingiza ndani ya laptop yake, ile ya okazyo yenye ilishapitia mikono ya bantu wengi. Akajisemea: sasa mi niko wa kisasa, kaye ya nini tena? Akaipatia mama wa mandasi afungie bateja. Kesho yake laptop ikawaka, ikaonyesha skrini nyeusi, ikanyamaza kama mutu amenuna.

Kupima tena? We, jaribu tu! Siku ya kupimwa, bamama wa sauti ya kwanza walivuta tumbo ndani mpaka macho inataka kutoka. Kazi ilichukua mwezi muzima. Na Evariste, mukubwa wa chorale, alikuwa ameshasema mbele ya wote:

— Mama Pascaline, hii njo komande yako ya kwanza kubwa. Ikikosa, kitambaa napeleka kwa mushonaji wa kule chini, na mutu asinililie.

Basi Pascaline akaficha laptop ndani ya mufuko, akafunika na vipande vya vitambaa. Akaaga bantu ya kwamba anaenda Lilongwe kutafuta vifungo.

Kule Old Town, ndani ya soko ya Tsoka, nyuma ya bauza radio, kulikuwa Murundi mumoja jina Nduwayo, fundi wa kompyuta. Mikono yake mbio, mudomo yake mbio zaidi.

— Virusi imeua sistemi yako, mama. Naifuta yote, naweka ingine. Hata saa moja haifiki.

— Unafuta na vipimo?

— Yote! Inabaki safi kama sahani.

Pascaline akavuta laptop yake, akaikumbatia kama mutoto.

— Eh, papa Nduwayo! Mi nikishona nguo ya mutu moja kwa moja bila kumujaribisha, utaniita mushonaji ao mwizi?

Maana yeye, mbele mashini ya kushona iguse nguo, anapitishaka kwanza uzi nyeupe kwa mukono, mishono mirefu mirefu. Muteja anavaa, anageuka, anainama, anapiga magoti kama anaomba. Kama haikai muzuri, Pascaline anavuta uzi ule, nguo inarudi vitambaa, na hakuna kitu kimeharibika.

Nduwayo akajikuna kichwa, akaanza kucheka.

— Basi dawa yako iko. Kuna sistemi za bure, za Linux, zinatembea ndani ya flash tu bila kugusa disiki. Unajaribu. Ukizima na kuchomoa flash, laptop inabaki vile ilikuwa.

— Si njo uzi nyeupe hiyo! Na we ulitaka kunifutia!

— Bateja wote wanasemaka "fanya haraka", mama.

— Mi si bateja wote. Leta.

Nduwayo akatoa flash tatu.

Ya kwanza ilikuwa Ubuntu, na Nduwayo aliisifu kama mutu anaozesha dada yake. Na sura ilikuwa nayo kweli! Rangi ya zambarau, mapicha makubwa makubwa pembeni. Lakini laptop ile ya zamani ilikuwa na memori kidogo sana. Ukibonyeza, unaweza kwenda kununua nyanya, kuomba punguzo, kurudi, halafu ndipo inaanza kufikiria. Pascaline akaitazama kichwa mpaka miguu.

— Robe ya harusi. Kwa mwili ingine ingekaa. Kwa huyu inaburuza chini. Toa.

Ya pili ilikuwa Puppy, kadogo kabisa. Weee! Kila kitu ilifunguka pah! pah! mbele Nduwayo amalize kukohoa. Pascaline akapiga kigelegele mpaka muuza radio akageuka. Lakini Nduwayo akaitwa na muteja mwingine, mama akabaki peke yake na vipicha vidogo vingi. Alitafuta vipimo vyake, akafungua mashini ya hesabu. Akatafuta tena, akafungua kitu cha kuchora. Akafunga dirisha moja, na hakujua alirudishe vipi.

— Mbona rahisi, mama? Nduwayo akasema aliporudi. Unabonyeza hapa, halafu hapa, halafu...

— Rahisi kwako. Hii ni robe ya zipu ya mugongoni: inakaa muzuri, lakini lazima mutu akufungie. We unaishi Lilongwe, mi naishi Dzaleka. Nani atakuyaka kila asubuhi kunifungia zipu?

Nduwayo akacheka mpaka bisibisi ikamuanguka.

Ya tatu ilikuwa Lubuntu, mudogo wa ile ya kwanza, bila bijou, bila mapambo. Ilianza kwa kuuliza lugha, na Pascaline akachagua kifaransa chake cha shule. Haikuwa mbio kama ya pili, wala na sura kama ya kwanza. Lakini kile kitufe cha kufungulia bintu vyote kilikuwa chini kushoto, pale pale mukono wake ulizoea.

— Usiguse! akamupiga Nduwayo juu ya vidole.

Akafungua disiki mwenyewe. Folda moja, ingine, tena ingine. CHORALE PASAKA. Akabonyeza, na majina ikashuka yote makumi tatu na moja, na viuno, na mabega, bila sentimetre moja kupotea. Pascaline akalia na kucheka pamoja. Kisha akatoa kaye mupya, akaandika yote na bic.

— Zikomo kwambiri, aksanti sana, papa. Weka kopi kwa flash, kisha kata kitambaa: ingiza sistemi yenyewe ndani ya laptop. Nachagua hii.

Siku tatu mbele ya Pasaka, Evariste akakuya na chorale yake kujaribu iniforme, ingali na uzi nyeupe. Patalo ikakataa kufunga kiunoni.

— Mnaona? Nilisikia laptop yako ilikufa! Vipimo vimechanganyikana!

Pascaline akafungua laptop mbele ya chorale yote.

— Soma, papa. Evariste, kiuno, themanini na sita. Tarehe iko hapo. Laptop haikusahau kitu. Ni we njo umefanya apdeti bila kuambia mutu.

Bamama wa sauti ya kwanza wakaangukiana kwa kicheko. Evariste naye akacheka, huku anavuta tumbo ndani.

— Usivute, papa, tunakujua. Simama vile uko, nikupime tena.

Pascaline akashika ncha ya uzi nyeupe, akavuta mara moja tu, na mushono wote ukatoka.