Swali la Baba Yeremia

Asubuhi ya leo wamepaka sakafu ya bweni letu la shule nta nyekundu, na harufu yake ikanikasirisha kabla sijajua sababu. Ni ile ile ya kanisa letu la mtaa uitwao Kenya, hapa mjini Élisabethville, ambako miaka minne nilitazama sakafu kwa sababu niliona haya kutazama uso wa mtu. Nawaambia ninyi wasomaji tu, kwa kuwa mbele yenu sihitaji kusimama.

Nilikuwa na miaka tisa nilipompa Mungu maisha yangu. Hakukuwa na ajabu yoyote. Nilikuwa nasugua sufuria nyuma ya nyumba, moshi wa kiwanda cha shaba ukiniwasha kooni, nikajikuta nimemwambia: mimi ni wako. Basi. Nikamaliza sufuria.

Kumbe kwa Mungu ilikuwa rahisi. Kwa wazee wa kanisa ndiyo kazi. Kila mwaka, kabla ya Pasaka, waliotaka ubatizo walisimama mmoja mmoja mbele ya meza yao. Amri kumi nilizijua. Majina ya mitume niliyajua hata kwa kuanzia mwisho. Lakini Baba Yeremia, mkubwa wa wazee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa na swali moja lisilokuwa kitabuni:

“Juu ya nini unatafuta ubatizo?”

Kwa nini? Nikatazama sakafu. Ningesema nini, sufuria?

“Utarudia mwaka unaokuja, mutoto.”

Siku hiyo hiyo Marta, binti ya mama mdogo, alipita mtihani. Aliwaambia wazee kwamba mwangaza ulishuka juu ya mkeka wake, nao wakafurahi sana. Njiani nikamuuliza, mwangaza gani?

“Mwezi,” akasema akicheka. “Mulango ilikuwa wazi. Na weye, bubu, sema tu kitu!”

Mwaka wa pili nikatazama sakafu tena. Mwaka wa tatu nilikuja na mwangaza wa Marta tayari kinywani, nikashindwa kuutoa. Sikutaka kuanza na Mungu kwa uongo. Wakanirudisha kwenye benchi la nyuma, pamoja na watoto wa miaka minane, magoti yangu karibu yaguse kidevu. Watoto hao waliniita Bibi wa Darasa. Baba aliacha kuniuliza habari za mtihani. Mama, aliyenihurumia, alisema, “Mwanangu, pumuzika kwanza. Mungu hakimbie.” Jumapili iliyofuata nilivaa gauni lile lile la mtihani, nikaenda peke yangu, nikinung’unika njia nzima.

Mwaka wa nne nikasimama tena mbele ya meza. Baba Yeremia akafungua kinywa, na kabla hajamaliza swali lake nikamkatiza.

“Baba Yeremia, kila mwaka unaniuliza ile ile! Batu bote, hata mama, banasema niache. Kama kulikuwa fasi ingine ya kwenda, ningalikuwa nilishaenda zamani. Haiko!”

Nilijua nimejimaliza: mimi, kumpandishia mzee sauti! Baba Yeremia alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, polepole mno. Kisha akamgeukia mwandishi wa kanisa.

“Andika jina lake.”

Nikabatizwa Pasaka ile nikiamini kwamba wamenichoka tu. Niliamini hivyo mpaka juzi. Sasa nina miaka kumi na saba, na rafiki yangu wa hapa bwenini aliniuliza kwa nini napiga magoti hata zile siku ninazolalamika kwamba Mungu hanisikii. Nikamjibu bila kufikiri, “Niende wapi pengine?” Nikashtuka kusikia nilichosema.

Kumbe siku ile sikumtukana mzee. Nilimjibu. Na yeye alikuwa amelingoja jibu lile miaka minne, akinirudisha kila mara bila kunieleza hata neno moja. Bado namkasirikia. Angeniambia tu! Lakini najijua: angeniambia, ningelikariri tu kama majina ya mitume.